Firigisi Iliyobaki Jikoni

Tulimzika Baba Mkubwa siku ya baridi kali, ardhi imeganda hata ule udongo wa kurusha kaburini uliletwa kwenye ndoo, kisha tukarudi kwenye ukumbi wa kanisa kule Crystal, mji mdogo ulioshikana na Minneapolis, kula. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nilikaa kwenye meza ya wafiwa na koti langu mwilini, nikawatazama akina mama wa kanisa wakifunua trei za foili moja baada ya nyingine: pilau, chapati, sukuma wiki, ugali uliokatwa vipande kama keki. Walipofika kwenye trei za mwisho, kabla sijaona kilichomo, nilinusa mchaichai. Harufu ile hata ukinifunga macho nitaijua. Nikainuka nikaenda kuchungulia. Yalikuwa mabawa ya kuku, manene, ya rangi ya dhahabu, yamelazwa kwa safu, kila moja limevimba kama mtoto aliyevalishwa sweta mbili. Mabawa, jameni, kwenye msiba wa Baba Mkubwa. Kwenye msiba wa mtu ambaye nilipokuwa na miaka ishirini na minne alinizuia kuolewa na mwanamume niliyempenda, na sababu aliyowapa watu ni kwamba wakwe walimpa bawa ale.

Nilimuuliza mama mmoja aliyeshika kijiko nani ameagiza chakula hiki. Akasema ni Debora, binti ya marehemu, na kwamba mwenye mkahawa amekileta mwenyewe kwa mlango wa nyuma, bado yuko jikoni anapanga trei. Nilirudi kwenye kiti changu. Watu walioniona nimejikunyata ndani ya koti wakadhani ni majonzi, wakaniletea chai yenye sukari nyingi. Sikuwa na majonzi. Nilikuwa na hasira ambayo nilidhani imekwisha kufa zamani, kumbe ilikuwa imelala tu, imejifunika vizuri.

Mwaka ule nilikuwa nikiishi kwake, Brooklyn Center, katika chumba cha chini ya nyumba ambacho dirisha lake lilikuwa sawasawa na ardhi, kwa hiyo theluji ikianza sikuona watu, niliona viatu. Palikuwa na kitanda, meza ya plastiki, na rafu ya Mama Debora, mke wake, ya kuwekea akiba ya unga na mafuta ya kupikia. Kando ya kitanda ulisimama mtambo wa kupasha nyumba joto, ukiwaka unanguruma, ukizimika unakohoa, na juu ya kichwa changu lilipita bomba la bati la kupeleka hewa ya moto sebuleni. Bomba hilo lilipeleka joto juu na kuniletea maneno chini. Kila lililosemwa sebuleni nililisikia utadhani wamekaa kitandani pangu. Nilijua nani kanisani amegombana na nani, nilijua Mama Debora anaona nimezidi kukonda, nilijua jinsi Baba Mkubwa alivyobadilisha sauti akizungumza na watu wa nyumbani kwa simu, akawa mzee wa boma, mwamuzi wa mashamba na mahari. Mchana alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja Minneapolis, na vijana wadogo kabisa walimwita kwa jina lake la kwanza kutoka mwisho wa korido. Nyumbani hakuna aliyethubutu kukaa kwenye kiti chake. Siku hizi jambo hilo nalielewa kuliko nilivyolielewa wakati ule, maana na mimi nimeitwa hivyo hivyo kwenye korido. Kumsamehe ni habari nyingine.

Kazi yangu ilikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee, huko huko Crystal, na shifti yangu iliisha saa tisa alasiri. Basi la kurudi lilikuwa na dharau zake, likija limekuja, lisipokuja huna wa kumlalamikia, na kusimama kituoni mwezi wa Januari ni kujitafutia kifo. Ng'ambo ya kituo palikuwa na safu ya maduka: mashine za kufulia nguo, ofisi ya bima, na katikati yake mkahawa mdogo wa Wakambodia wenye maandishi mekundu na picha kubwa ya bawa la kuku dirishani. Mara ya kwanza niliingia kwa sababu ya baridi, wala si njaa. Mwenyewe, mama mfupi mwenye aproni iliyopauka, hakuniuliza nataka nini. Alinitazama vidole, akaniwekea bakuli la supu. Kesho yake nikarudi. Wiki iliyofuata alinisukumia sinia la vitunguu saumu nimenye, kwa kuwa kwake mtu hakai jikoni bure. Wateja wote waliomzoea walimwita Ming, ambalo kwao ni kama kusema mama mdogo, nami nikamwita hivyo. Alikuwa na binti, Sophy, aliyekaa kwenye kaunta kupokea simu, na mwana, Dara, aliyesimama kwenye karai la mafuta. Watatu hao ndio waliokuwa mkahawa mzima.

Sasa, mimi ni Mluhya, na kuku nilidhani namjua mwanzo hadi mwisho. Kwetu mgeni wa heshima hapewi vipande vya kuokotaokota. Analetewa kuku kamili, amekatwa kwa viungo vyake lakini hakuna kilichokosekana, ili ajue kwamba amechinjiwa yeye, na juu ya nyama yote imekaa firigisi, ambayo kwetu tunaiita imondo. Firigisi ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye mwenye nyumba ameamua kumpandisha juu yake. Bawa ni la watoto, wale wanaozunguka jikoni wakilialia. Kumbe hapa palikuwa na familia nzima inayoishi kwa bawa, na Ming akilishika kama mtu aliyepewa kitoto kichanga. Alinifundisha. Unakata mishipa kuzunguka kifundo cha juu kwa ncha ya kisu, kisha kisu unakiweka chini, kazi iliyobaki ni ya vidole: unaisukuma nyama iteremke kama soksi, unaupinda mfupa mpaka ukubali, unauvuta utoke mweupe mtupu, na ngozi isichanike hata tundu la sindano. Ikichanika, umekwisha, maana ukiijaza itapasukia kwenye mvuke. Ndani alitia nyama ya kusaga, tambi nyembamba za kung'aa, karoti, uyoga mweusi, na viungo vyake vya kinu: mchaichai, manjano, vitunguu saumu, majani ya mlimau, ambavyo alivitwanga mwenyewe kila asubuhi ingawa Sophy alimnunulia mashine. Akayapika kwa mvuke, akayaacha yapoe, ndipo Dara akayakaanga. Nilichana ngozi nyingi sana kabla Ming hajaacha kuguna nyuma yangu. Siku aliyochukua bawa nililolijaza mimi akaliweka kwenye trei pamoja na yake, bila kusema neno, nilirudi nyumbani kwenye basi nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Saa kumi, wateja wa mchana wakiwa wameondoka na wa jioni hawajaja, familia ilikula yenyewe, imekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa kuzunguka meza ya chuma: wali, supu chachu ya samaki, majani ambayo sikuyajua, na mabawa yaliyochanika yasiyouzika, mengi yao yangu. Hapo ndipo nilipompenda Dara. Hakuwa msemaji. Alikuwa na kovu la mafuta kiganjani na namna ya kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Akiwa na jambo la kuniambia aliniwekea kitu sahanini, kipande cha samaki alichokwisha kukitoa miiba, na akaendelea kula kama hakufanya lolote. Mimi nilikuwa nimezoea vijana wa kanisani walioanza na "dada Nekesa, Bwana amenionyesha", na huyu alinionyesha kwa samaki. Kufikia kiangazi alikuwa akinirudisha nyumbani kwa gari la kupelekea oda, lenye harufu ya mafuta na mchaichai, tukipita njia ndefu ya ziwani makusudi. Mwezi wa tisa aliniambia anataka kunioa, kwa maneno sasa, nami nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Nikamwambia kwetu kuna taratibu. Akasema hata kwao zipo. Tulicheka, maana tulidhani taratibu ndiyo sehemu ya kuchekesha.

Walikuja kwa Baba Mkubwa Jumapili moja baada ya ibada, Ming, Sophy na Dara, wamevaa vizuri, wamebeba masinia ya matunda yaliyofungwa kwa karatasi nyekundu, kwa sababu kwao ndivyo watu wanavyokwenda kuposa. Mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Baba Mkubwa aliyasifu matunda. Mama Debora alikuwa amepika kuku wawili wa kienyeji aliowafuata kwa mfugaji mmoja nje ya mji, akawaleta mezani kamili, na firigisi juu. Baba Mkubwa akasimama, akaichukua firigisi kwa uma wake mwenyewe, akaiweka kwenye sahani ya Dara. Machozi yalinilenga. Mzee yule, na ukali wake wote, alikuwa amemwambia kijana wa watu mbele ya wazee wawili wa kanisa kwamba karibu, umekuwa mtu mzima katika nyumba hii. Dara aliitafuna yote, ngumu ilivyo, akashukuru. Siku ya pili ndipo aliponisimulia, mabega yakitikisika: njiani mama yake hakufungua kinywa mpaka walipokaribia Crystal, kisha akauliza kwa nini watu wenye nyumba kubwa namna ile, na kuku wawili mezani, wamempa mwanawe kile kipande cha tumboni.

Nilicheka naye kidogo, halafu nikaacha, kwa sababu Baba Mkubwa alikuwa ameshasema tutarudisha ziara, twende tukaone kwao. Nilimwendea Ming nikamweleza yote. Sikubakiza kitu. Nilimwambia mmoja wa wazee alilelewa katika kanisa la Jumamosi, mpaka leo hali nguruwe, akasema sawa, atajaza nyama ya kuku tupu. Nilimwambia Baba Mkubwa hanywi kitu baridi, akasema chai itakuwapo. Nikamwambia habari ya kuku kamili, na firigisi, na heshima aliyopewa Dara siku ile. Alinisikiliza huku vidole vyake vikiendelea na kazi, akavuta mfupa, akauweka pembeni, ndipo akanijibu kwa Kiingereza chake cha vipandevipande, ambacho nilikielewa vizuri kuliko Kiingereza cha watu wengi.

"Neke, miaka ya njaa tulikula tumbo la kila kitu. La chura, la panya. Nikasema, nikipona, mgeni wangu hatakula tumbo. Wakubwa wako nitawapa kizuri kuliko vyote nilivyo navyo."

Ungemjibu nini? Nilikwenda dukani nikanunua firigisi, nikazipika kwa vitunguu na nyanya, na siku yenyewe nikamwachia Sophy bakuli jikoni, nikimsihi aweke moja tu, moja, kwenye sahani ya mzee. Baba Mkubwa naye nilimwendea. Nilipiga magoti kwenye zulia la sebuleni nikamwambia kwamba kwa watu hawa bawa ndilo kuku, kwamba hilo ndilo linalokula jasho la familia nzima, kwamba akiwekewa bawa ajue amepewa mahali pa juu. Akasema kwa upole kabisa, "Nimesikia, mwanangu." Nikateremka chumbani kwangu nikiwa mwepesi kama karatasi.

Tulikwenda Jumatatu, siku ambayo mkahawa haufunguliwi. Ming alikuwa ameunganisha meza na kutandika vitambaa vyeupe, na ile picha ya bawa ameiondoa dirishani, kwa sababu alitaka paonekane nyumbani, pasionekane dukani. Kwa upande wetu alikuwapo Baba Mkubwa na Mama Debora, wale wazee wawili wa kanisa, Debora ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa darasa la pili, na mimi, nimewekwa katikati ya watu wetu kama inavyotakiwa, mbali na jikoni. Kupitia dirisha la kupitishia sahani niliona bakuli langu liko juu ya rafu, limefunikwa. Hakuna aliyeligusa. Ming akatoka na sinia. Usoni ilionekana kwamba hajalala. Mabawa yalikuwa makubwa kuliko yoyote aliyowahi kuuza, ngozi inang'aa, hakuna hata moja lililochanika, nami niliyejua kazi yake nilitaka kusimama nimpigie makofi. Akalichagua kubwa kuliko yote, akaliweka mbele ya Baba Mkubwa kwa mikono miwili, akainama kidogo.

Baba Mkubwa alilitazama. Akaligeuza kwa uma. Akalikata katikati, akaona tambi na karoti, na pale palipotakiwa kuwa na mfupa akaona pameshindiliwa nyama. Alikuwa ameishi Marekani miaka mingi, Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha Ming, lakini alinigeukia mimi akasema kwa Kiswahili, polepole, ili wazee wasikie:

"Nekesa, waulize wenzetu kuku mwenyewe yuko wapi. Bawa kwetu ni la mtoto anayelia jikoni. Na hili hata mfupa wameshautoa."

Akataka nitafsiri. Maneno yaliyonikata maini, nami ndiye niyabebe kwa mdomo wangu hadi kwa Ming. Nilimwambia Ming kwamba mzee anashukuru, anashangaa ufundi wake. Ming akatabasamu. Baba Mkubwa akatikisa kichwa, akaisukuma sahani kwa vidole viwili mpaka katikati ya meza, na hilo halikuhitaji mkalimani.

Nimewaona watu wengi wakifa, ndiyo kazi yangu, lakini sijaona uso ukifungwa kama ulivyofungwa uso wa Ming. Aliitazama ile sahani, chakula kizima ambacho mtu amekisukuma. Wale wazee wawili walikuwa wameshaanza kula, wakaweka uma chini, mmoja bado anatafuna kwa aibu. Dara alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa begani. Ming akaingia ndani, akatoka na vyombo vya foili, akafungasha mabawa yote kwa utaratibu, akabana vifuniko kimoja kimoja, akampa Baba Mkubwa kwa mikono miwili vilevile. Baba Mkubwa alivipokea. Sikulitilia maanani jambo hilo, kwamba alivipokea, na kwamba alivibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

Jioni ile nilijilaza kitandani na viatu vyangu nikasikiliza bomba. Baba Mkubwa alikuwa kwenye simu na nyumbani. "Watu wanaomtoa kuku mifupa kabla mkwe hajamwona," alisema, "binti yetu watamfanya nini?" Walicheka sana huko upande wa pili. Ilikuwa hadithi nzuri, akaisimulia tena kwa simu nyingine, na bawa likazidi kuwa dogo. Lakini kati ya simu hizo mbili nilimsikia akimwambia Mama Debora neno jingine, kwa sauti ya kuchoka, bila mbwembwe. Alisema hajapata usingizi mzuri tangu matunda yale yaletwe. Alisema atasimama vipi nyumbani awaambie watu kwamba binti amekwenda kwa ukoo ambao hata majina yao hawezi kuyatamka, na afadhali wamejiharibia wenyewe. Hapo nikajua. Hata firigisi ingekuwapo, angetafuta kingine, chai haina sukari, kiti kimepinda, mtu hakumfungulia mlango.

Wiki ile ile Dara alinichukua kazini, akaegesha gari nyuma ya duka la kufulia nguo. Nilikuwa nimeshafunga begi, liko chini ya kitanda. Neno moja kutoka kwake na ningetoka kwa Baba Mkubwa bila kuaga, nami nilimwambia hivyo, wazi, nisijifanye mwanamwali. Aliangalia usukani. Akasema mama yake ameirudisha ile picha dirishani, na amesema mtu anayesukuma chakula hatakaa naye meza moja tena, yeye wala damu yake. Nikamuuliza, "Na wewe unasemaje?" Akasema, "Mama hajawahi kuniomba kitu maishani. Hiki ndicho cha kwanza." Basi. Mwanamume aliyenitolea miiba ya samaki akashindwa kunisemea neno moja. Nilishuka nikavuka barabara nikangoja basi langu, na siku hiyo, kwa kunikomoa, likaja upesi.

Sikukanyaga tena upande ule wa barabara. Nilisoma unesi, nikahamia Lakeville, kusini huko, kwenye nyumba mpya zinazofanana, ambako harufu pekee ni ya nyasi zilizokatwa. Niliolewa na Mluhya mwenzangu aliyepitishwa na Baba Mkubwa. Siku ya posa firigisi ilikuwapo, kubwa, imeiva vizuri, watu wakapiga vigelegele. Ndoa yenyewe haikufika mbali. Nilisikia Dara ameoa msichana wa kwao kutoka California na wana watoto. Kila Krismasi na Pasaka nilikwenda kumsalimu Baba Mkubwa, na Mama Debora alipofariki nikaenda zaidi, nikampikia kuku kamili, nikampa firigisi yake kwa mkono wangu, naye akaniambia wewe ndiye binti anayejua heshima. Hatukuligusa jambo lile kamwe. Nitasema ukweli, kuna kitu kilinishikilia miaka yote hiyo. Nilidhani angalau mzee aliamini alichokisema. Kwamba lile bawa lilimchukiza kweli, kwamba asingeweza kulimeza. Nilitolewa kafara kwa kiburi, sawa, lakini kiburi cha kweli, cha mtu aliyekula kiapo chake mwenyewe na akakishika mpaka mwisho.

Pale ukumbini Debora alikuja kukaa karibu nami na sahani yake. Watoto wetu waliokulia huku husikia Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza, na hata wakiwa watu wazima wenye watoto wao hawaachi. Nikamuuliza kwa nini ameagiza mabawa. Akasema ni kwa sababu baba yake aliyapenda kuliko chakula chochote duniani. Nikamuuliza tangu lini. Akacheka huku macho yamemvimba kwa kulia. Tangu ile siku tulipokwenda wote, akasema, kwani sikumbuki? Tuliporudi nyumbani, mimi na mama yake tukiwa tumeshaingia ndani, baba yake alimbakiza gereji. Wakakaa ndani ya gari wakafungua vile vyombo vya foili, wakala mabawa yote, wawili tu, kwa mikono, mzee akiramba vidole na kugunaguna. Akamwambia asimwambie mama, na hasa hasa asimwambie Nekesa. Yeye alidhani ni mchezo wao wawili. Baadaye ikawa kila Ijumaa, mzee akitoka kazini anapitia pale, na alipougua akawa anamtuma yeye.

Niliinuka nikaenda jikoni. Dara alikuwa ameinama juu ya trei, nywele zimekuwa nyeupe pembeni, akageuka akanitambua papo hapo. Akaniambia pole. Nikasema asante. Nikamuuliza kama ni kweli mzee alikuwa akija kwao.

"Kila Ijumaa," akasema. "Alianza mwaka ule ule, kabla ya Krismasi. Mara ya kwanza alibaki kwenye gari, hakuweza kuingia, mpaka Mama akamfuata nje. Sijui waliambiana nini. Baada ya hapo ni Mama tu aliyemhudumia. Walikuwa wanakaa meza ya dirishani wanaongea habari za wajukuu."

"Na hukuniambia."

Aliifuta mikono yake kwenye kitambaa, taratibu, kama bado ana miaka ishirini na sita na mimi nimekaa kwenye ndoo. "Mzee alikuja, wewe hukuja," akasema. "Nilidhani unajua kwamba Mama amekaa naye meza moja. Nilidhani ni wewe uliyekataa kurudi." Halafu akaniambia kwamba mabawa ya leo mama yake ameyatengeneza mwenyewe, kwa vidole vyake vinavyomuuma, hakutaka mtu mwingine aguse ya mzee.

Nilirudi mezani. Kwa kuwa sasa mimi ndiye mkubwa wa familia yetu huku Minnesota, akina mama wa kanisa walikuwa wameniwekea sahani ya heshima, paja la kuku, firigisi juu yake, na pembeni bawa moja, eti marehemu aliyapenda. Firigisi niliisogeza kando. Nikalishika bawa kwa vidole nikalikagua pande zote, kama nilivyofundishwa, nikitafuta mahali palipochanika. Hapakuwapo. Nikaling'ata. Nilikuwa nimeomba liwe baya. Nilitaka liwe limepoteza ladha, liwe la kawaida tu, nipate kusema kwamba hata hivyo hakikuwa kitu cha maana tulichokikosa. Lilikuwa tamu kama siku ya kwanza, mchaichai umeingia mpaka ndani, na nilielewa kabisa kwa nini mtu mzima akae gereji akilila kwa siri. Nililimaliza lote, nikaramba vidole kama yeye, na sikumsamehe.